Nani alikudanganya ati Marekani haijawahi kuwa na koloni?

Kuna hoja moja ambayo haikosi vijana wanapobishana kuhusu mataifa makubwa, iwe ni ndani ya matatu, kwenye kibanda cha chai au kwenye TikTok. Mmoja ataleta Uingereza na Mau Mau. Wa pili ataleta Ufaransa na wanajeshi wake kule Afrika Magharibi. Wa tatu ataingiza China na madeni ya reli. Halafu kuna yule msee atakayewanyamazisha wote: "Lakini Marekani haijawahi kuwa na koloni. Si yenyewe pia ilitawaliwa na Mwingereza?"

Hapo kila mtu hutulia, maana inasikika kama kweli. Kumbe ni uongo mtupu. Nadhani umeenea kwa sababu Marekani ilijitanua kwa njia ambayo kwenye ramani haifanani na ukoloni tuliosomeshwa shuleni. Mwingereza alipanda meli akaja Mombasa, na hilo kila mtu analiona. Mmarekani alipanda gari la kukokotwa na ng'ombe, akaelekea magharibi hadi akafika ufuo wa Pasifiki, kisha naye akapanda meli. Nusu ya kwanza ya safari hiyo tunaiita sinema ya kaboi. Nusu ya pili hata hatuambiwi.

Tuanze na kitu kinachotugusa. Novemba 6, 2008, nchi hii ilipewa siku ya mapumziko kwa sababu Barack Obama alikuwa amechaguliwa rais wa Marekani. Babake, kijana kutoka Nyanza, alienda kusoma Chuo Kikuu cha Hawaii mnamo 1959, na mwanawe akazaliwa Honolulu Agosti 4, 1961. Hawaii ilifanywa jimbo la 50 la Marekani Agosti 1959. Yaani kama Obama angezaliwa miaka mitatu mapema, asingezaliwa katika jimbo lolote la Marekani. Sisi tulicheza, tukachinja, tukapiga vuvuzela. Ni wangapi tuliuliza visiwa vilivyo karibu kilomita 4,000 kutoka pwani ya California vilifikaje kuwa Marekani?

Vilikuwa ufalme. Vilikuwa na katiba, mabalozi katika nchi za kigeni na magazeti kwa lugha ya wenyeji. Ikulu ya Iolani pale Honolulu ilikuwa na taa za umeme kabla ya White House. Nitarudi huko. Kwanza tupite bara, kwa sababu yaliyofanyika visiwani yalikuwa yamefanyiwa mazoezi bara kwa miaka mingi.

Marekani ilipotambuliwa kuwa huru 1783, majimbo yake 13 yalikuwa yamebanana upande wa Atlantiki. Mwaka wa 1803 ikanunua eneo la Louisiana kutoka kwa Ufaransa kwa dola milioni 15, na ukubwa wake ukawa karibu maradufu. Hebu fikiria hiyo biashara. Ufaransa iliuza nchi ambayo sehemu kubwa yake haikuwa imewahi kuikanyaga, na waliokuwa wakiishi humo hakuna aliyewauliza. Huku kwetu mtu akikuuzia shamba la jirani tunamwita tapeli.

Lakini kisa ambacho kila kijana wa Kenya anafaa kukijua ni cha Wacherokee. Tumezoea kusimuliwa kwamba wenyeji, wa huku na wa kwingine, walipoteza ardhi kwa sababu hawakujua kusoma. Ati waliletewa karatasi, wakaweka kidole gumba, wakapewa shanga na blanketi. Wacherokee walijua kusoma. Mmoja wao, Sequoyah, alibuni maandishi ya lugha yao, na katika miaka michache tu watu wengi wakawa wanasoma na kuandika Kicherokee. Mwaka wa 1827 waliandika katiba yao. Mwaka wa 1828 wakaanzisha gazeti, Cherokee Phoenix, kwa Kicherokee na Kiingereza. Walikuwa na shule, mashamba na mahakama. (Baadhi ya matajiri wao walikuwa pia na watumwa Waafrika, na hilo tusilifiche.)

Kisha dhahabu ikapatikana Georgia. Mwaka wa 1830 Rais Andrew Jackson akatia saini sheria ya kuwahamisha wenyeji ng'ambo ya Mto Mississippi. Wacherokee hawakushika mishale. Walienda kortini. Mwaka wa 1831 Mahakama ya Juu ikasema haiwezi kusikiza kesi yao, kwa sababu wao si taifa la kigeni bali ni taifa tegemezi lililo ndani ya Marekani. Wakarudi tena kwa kesi nyingine 1832 na safari hii mahakama ikakubali kwamba Georgia haina mamlaka juu ya ardhi yao. Walishinda! Wapi. Georgia ikapuuza, na Jackson hakuinua kidole.

Desemba 1835 serikali ikapata kikundi kidogo cha Wacherokee, karibu watu 20, kilichotia saini mkataba wa kuuza nchi yote kwa dola milioni tano. Elias Boudinot, aliyekuwa mhariri wa kwanza wa gazeti lile, alikuwa miongoni mwao. Chifu mkuu John Ross hakutia saini. Badala yake alikusanya majina ya watu zaidi ya 15,000 waliopinga na kuyapeleka Washington. Taifa lenyewe lilikuwa na watu wapatao 16,000. Seneti ikaweka majina hayo kando na kuidhinisha mkataba wa wale 20, ukapita kwa kura moja tu. Mwaka wa 1838 wanajeshi wakawatoa watu majumbani kwa bunduki, wakawafungia kwenye kambi, kisha wakawasafirisha hadi Oklahoma ya leo, wengi kwa miguu, wakati wa baridi kali. Inakadiriwa kwamba 4,000 walikufa.

Saini 20 dhidi ya 15,000. Shika hesabu hiyo.

Kabla sijaendelea, kuna jambo la hapa nyumbani ambalo hunichekesha kwa uchungu. Mwaka wa 1913 Wamaasai nao walienda kortini kupinga kuhamishwa Laikipia chini ya mkataba wa 1911. Korti ya Mwingereza ikasema haiwezi kusikiza kesi, kwa sababu Wamaasai ni kama taifa la kigeni lililofanya mkataba na Mfalme, na mambo ya mataifa hayaamuliwi na korti ya kawaida. Linganisha na lile jibu la 1831. Wacherokee waliambiwa si taifa la kigeni kwa hivyo kesi haisikizwi. Wamaasai wakaambiwa ni taifa la kigeni kwa hivyo kesi haisikizwi. Ukiwa ndani umekosa, ukiwa nje pia umekosa.

Vita dhidi ya Mexico vya 1846 hadi 1848 sitavikalia. Inatosha kusema kwamba Mexico ilipoteza karibu nusu ya nchi yake, ikiwemo California, na kulipwa dola milioni 15. Mbunge mmoja kijana kwa jina Abraham Lincoln alimtaka rais aonyeshe ni mahali gani hasa damu ya Wamarekani ilimwagwa ndani ya ardhi ya Marekani, kama alivyodai alipoitaka Kongresi itangaze vita. Mwaka mmoja kabla ya vita hivyo, mwandishi John O'Sullivan alikuwa ameipatia tamaa hiyo jina zuri, akieleza kwamba Mungu ndiye aliyeipangia Marekani kulienea bara zima. Ukisikia mtu anakuambia Mungu amempangia shamba lako, ita majirani.

Twende Black Hills, milima ambayo Walakota huiita Paha Sapa. Mwaka wa 1868 Marekani ilitia saini mkataba kule Fort Laramie kwamba milima hiyo ni ya Walakota, na kipengele cha 12 kikasema hakuna kipande kitakachotolewa bila saini za robo tatu ya wanaume wazima. Kipengele kizuri sana. Miaka sita baadaye msafara wa kijeshi wa George Custer ukatangaza kuna dhahabu. Serikali ikajaribu kununua, Walakota wakakataa. Mwaka wa 1876 Custer na kikosi chake wakauawa pale Little Bighorn, na Kongresi ikajibu kwa kuamua kwamba Walakota hawatapewa chakula tena mpaka waachilie milima. Hapo nyati walikuwa wanamalizwa na watu walitegemea mgao huo. Hata kwa njaa hiyo, waliotia saini walikuwa kama mmoja kati ya kumi. Mkataba ulitaka robo tatu. Mwaka wa 1877 Kongresi ikapitisha sheria na kuchukua milima hivyo hivyo.

Mwaka wa 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani yenyewe ilikiri kwamba milima ilichukuliwa bila malipo halali, ikaamuru fidia ya zaidi ya dola milioni 100. Walakota walikataa kuichukua. Wanataka milima. Pesa ziko kwenye akaunti hadi leo na riba imezifikisha zaidi ya dola bilioni moja, ilhali baadhi ya maeneo wanamoishi ni kati ya maskini zaidi nchini humo. Mimi nikiisoma stori hii hujiuliza kama kijiji chetu kingeweza. Tungeletewa bilioni moja, kweli tungesema hapana kwa zaidi ya miaka 40?

Na juu ya milima hiyo hiyo, kati ya 1927 na 1941, Wamarekani walichonga nyuso za marais wanne. Huo ndio Mount Rushmore. Mmoja wa wanne hao ni Theodore Roosevelt, na ukitaka kuona jinsi nchi kavu na bahari zinavyoungana katika historia hii, mfuate huyo mtu mmoja. Katika miaka ya 1880 alikuwa mfugaji kule Dakota. Akaandika vitabu kuhusu jinsi magharibi ilivyotwaliwa. Mwaka wa 1898 aliongoza kikosi cha wapanda farasi vitani Cuba. Mwaka wa 1901 akawa rais na kurithi vita vya Ufilipino. Mwaka wa 1903 aliunga mkono Panama kujitenga na Colombia, akapata eneo la kuchimba mfereji. Alipostaafu, Aprili 1909, alishuka meli wapi? Mombasa. Akapanda reli hadi bara kuwinda, yeye na mwanawe wakaua zaidi ya wanyama 500. Katika kitabu chake kuhusu safari hiyo alilinganisha nyanda zetu na zile za magharibi mwa Marekani, na akaona nyanda za juu zinafaa kuwa makao ya wazungu. Miaka mitano awali Wamaasai walikuwa wameondolewa Naivasha. Mzee aliitambua kazi alipoiona.

Sasa 1898. Rais alikuwa William McKinley, yule ambaye Donald Trump alimsifu katika hotuba ya kuapishwa kwake Januari 20, 2025, kabla ya kurudisha jina lake kwenye mlima Denali. Katika hotuba hiyo hiyo Trump alisema Marekani itaurejesha Mfereji wa Panama. Kwa hivyo anayeniambia haya ni mambo ya zamani, anisamehe.

Marekani ilipigana na Uhispania kwa miezi michache ikashinda. Kwa mkataba wa Paris wa Desemba 10, 1898, ikapata Puerto Rico, Guam na Ufilipino, hiyo ya mwisho kwa dola milioni 20. Wafilipino walikuwa tayari wamepigana na Mhispania wenyewe, na kiongozi wao Emilio Aguinaldo alikuwa ametangaza uhuru Juni 12. Alimtuma mjumbe wake, Felipe Agoncillo, akasikizwe Paris. Hakuruhusiwa kuingia. Ni Louisiana tena, muuzaji na mnunuzi mezani, mwenye nyumba mlangoni.

Vita vikazuka Februari 1899. Na walioenda kuongoza walikuwa nani? Majenerali waliokomaa katika vita dhidi ya wenyeji wa Marekani. Henry Lawton, aliyemwinda kiongozi wa Waapache, Geronimo, mwaka wa 1886, aliuawa Ufilipino Desemba 1899. Nelson Miles, aliyepigana na Walakota, ndiye aliyeongoza jeshi kuingia Puerto Rico. Katika kisiwa cha Samar mwaka wa 1901, Jenerali Jacob Smith aliagiza kuuawa kwa kila anayeweza kubeba silaha, kuanzia umri wa miaka kumi. Alishtakiwa kijeshi, akakaripiwa, akastaafishwa. Basi. Raia waliokufa kwa risasi, njaa na maradhi katika vita hivyo wanakadiriwa kufika 200,000. Ufilipino ilipata uhuru 1946, miaka 17 tu kabla ya Kenya. Kama hiyo haikuwa koloni, neno koloni lina maana gani?

Wamarekani wengine walipinga, tuseme ukweli. Mwandishi Mark Twain na tajiri Andrew Carnegie walikuwa katika chama cha kupinga ubeberu. Lakini mahakama ilikuwa upande mwingine. Mwaka wa 1901 iliamua kwamba Puerto Rico ni mali ya Marekani lakini si sehemu kamili ya Marekani, kwa hivyo katiba haifuati bendera kila inakokwenda. Si ni lile jibu la Wacherokee limevaa suti mpya? Na halijavuliwa. Wapuerto Rico wamekuwa raia tangu 1917, wamekufa katika vita vya Marekani, lakini mtu akiishi San Juan hawezi kumpigia rais kura. Mbunge wao aliye Washington hana kura wakati sheria zinapopitishwa.

Nilisema nitarudi Hawaii. Wamishonari Wamarekani walifika 1820. Watoto na wajukuu wao wakawa matajiri wa miwa, hasa baada ya sheria ya 1850 kuwaruhusu wageni kununua ardhi. Mwaka wa 1887 walimlazimisha mfalme kukubali katiba iliyompokonya mamlaka na kuwanyima kura wenyeji wengi. Malkia Liliuokalani alipotaka kurekebisha hilo Januari 1893, wakaunda kamati ya mapinduzi. Balozi wa Marekani, John Stevens, akaita wanajeshi 162 kutoka meli ya kivita iliyokuwa bandarini. Januari 17 malkia akaachilia mamlaka chini ya pingamizi, akieleza waziwazi kwamba ameachia nguvu za Marekani na anatarajia Marekani ichunguze na kumrudishia kiti. Rais Grover Cleveland alichunguza, akakubali kwamba kosa limefanyika, akakataa kuvitwaa visiwa. Kiti hakikurudishwa. Wapinduzi wakajitangazia jamhuri, rais wao akiwa Sanford Dole. Binamu yake, James Dole, alikuja baadaye akaanza biashara ya mananasi. Ndiyo, lile jina la kwenye mkebe.

McKinley alipoingia, mkataba wa kuitwaa Hawaii ukapelekwa Seneti 1897. Na hapa ndipo wenyeji walipofanya kazi ambayo sisi, tunaotakiwa na katiba kukusanya saini milioni moja tukitaka kuibadilisha, tunaweza kuielewa. Vyama vya wanaume na wanawake vilizunguka kisiwa baada ya kingine, kwa meli, kwa farasi na kwa miguu. Chama kimoja tu kilikusanya saini 21,269 za kupinga. Wahawaii asilia wakati huo walikuwa kama 40,000, pamoja na watoto. Wajumbe wanne wakazibeba hadi Washington. Na zikafanya kazi! Mkataba ulihitaji thuluthi mbili za maseneta, yaani 60 kati ya 90. Waliokuwa tayari kuunga mkono walikuwa 46. Ukafa.

Miezi michache baadaye vita na Uhispania vikaanza, na jeshi likataka kituo cha kuelekea Ufilipino. Kwa sababu njia ya mkataba ilikuwa imefungwa na saini za watu, Kongresi ikatumia njia nyingine, azimio la kawaida linalohitaji wingi wa kura tu. McKinley akalitia saini Julai 7, 1898. Kwa hivyo asikudanganye mtu kwamba Wahawaii walilala. Waliicheza mechi kwa kanuni zilizowekwa na mwenye uwanja, wakashinda, naye akahamisha goli.

Mwaka wa 1993 Kongresi iliomba msamaha rasmi na Bill Clinton akatia saini. Maandishi yenyewe yanakubali kwamba Wahawaii asilia hawakuwahi kuachilia moja kwa moja haki yao ya kujitawala. Msamaha huo haukurudisha hata ekari moja.

Zile karatasi za 1897 zilibaki kwenye hifadhi ya taifa kule Washington kwa karibu miaka mia moja, na wengi visiwani hawakujua kuwa zipo. Shuleni walikuwa wamefundishwa kwamba babu zao walikubali kimyakimya. Mnamo 1996 mtafiti Mhawaii, Noenoe Silva, alizipata. Nakala ziliporudishwa nyumbani na kuonyeshwa hadharani, watu walikuja wakapitisha vidole kwenye orodha, ukurasa baada ya ukurasa, wakitafuta jina la nyanya, jina la babu, na kuyaona hapo yameandikwa kwa mkono.